Bakteria wa Kula Mafuta kwenye Maji Taka ya Jikoni: Mwongozo Kamili kwa Wenye Hoteli Mombasa

"Fundi, nimemimina pakiti tatu na shimo lanuka vilevile."

Simu ya namna hii naipata karibu kila wiki. Leo ni Bondeni, kesho Likoni, keshokutwa Kisauni. Nikifika na kufunua kifuniko, mara nyingi naona bakteria hawakuwa na kosa lolote. Wameuawa na klorini, au wamesombwa na maji ya saa saba mchana kabla hawajashika mahali, au wametupiwa mzigo wa mafuta ambao wasingeumaliza hata wangekuwa wengi kama mchanga wa Nyali.

Mwongozo huu ni wa jikoni linalopika kweli: hoteli ya mtaani, mkahawa wa biriani, shule ya bweni, banda la bhajia na viazi karai. Maji yako yawe yaingia septiki na shimo la kufyonza, au bomba la maji taka la mji, hatua ni zilezile.

Kabla ya kutoa pesa, shika hesabu moja tu. Kilo moja ya mafuta ya kupikia, ili iteketezwe yote iwe maji na kaboni dioksidi, yahitaji karibu kilo 2.9 za oksijeni. Na maji kwenye joto letu la Pwani hayashiki zaidi ya miligramu 8 hivi za oksijeni kwa lita. Piga hesabu: kilo moja ya mafuta ingemaliza oksijeni yote ya lita zaidi ya 350,000 za maji safi. Kwa hiyo anayekuambia umwage karai zima kwenye sinki halafu pakiti yake itamaliza kazi, anakuuzia ndoto. Bakteria ni wa kumaliza mabaki. Mafuta mengi uyazuie wewe kwa mkono.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Mtego wa mafuta, yaani tangi dogo kati ya sinki na shimo ambamo maji hutulia na mafuta yakaelea, unaofunguka, wenye vyumba viwili au zaidi. Kama huna, simama hapa, ujenge kwanza.
- Fimbo ya mbao ya mita moja na nusu, iliyogongomewa kibao bapa cha ukubwa wa kiganja kwenye ncha ya chini.
- Mwiko mpana wa mpira wa kukomba sufuria, na jerikani yenye mdomo mpana ya kuwekea mafuta yaliyokwisha.
- Karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha asidi kwenye maji. Maduka ya vifaa vya madimbwi ya kuogelea huziuza.
- Glavu ndefu za mpira, miwani ya kufunika macho, barakoa.
- Bakteria wa unga au wa maji, wenye lebo inayosomeka.
- Ndoo mbili, magadi ya kupikia, chupa za kioo zenye vifuniko.
- Kwa hatua ya saba: tangi, pampu ya hewa ya kidimbwi cha samaki, mpira wa hewa na mawe ya kutoa mapovu.
- Daftari. Wengi hulidharau, kisha baada ya mwezi hawakumbuki walitia nini wala lini.

Hatua ya 1: Yazuie mafuta kabla hayajaona sinki

Hapa ndipo penye nusu ya kazi yote, na ndipo watu wanaporuka kwa sababu hapana cha kununua.

Kaa jikoni siku moja saa ya kuosha vyombo. Mimi hukaa na kikombe cha chai, nikaangalia. Hoteli moja ya kisiwani niliona sufuria ya pilau ikiletwa na mafuta yaliyotuama chini kama nusu kikombe. Kijana mwosha vyombo akaifungulia mfereji, akatia sabuni, akaiinamisha. Sekunde tatu. Zikafuata sahani thelathini za kuku na viazi, kila moja na ute wake wa mafuta. Mwenye hoteli, mama mmoja mkarimu sana, alikuwa kando yangu akiniuliza kama bakteria wangu ni wa nguvu. Nikamwambia, "Mama, kijana wako ana nguvu kuliko hao bakteria."

Fanya hivi:

Kila sufuria, karai na sahani ikombwe kwa mwiko wa mpira ndani ya ndoo ya makombo *kabla* haijaguswa na maji. Zenye mafuta mengi zifutwe pia kwa karatasi.

Mafuta yaliyokwisha kwenye karai yaachwe yapoe, yachujwe, yatiwe kwenye jerikani yenye kifuniko. Wapo wanunuzi wanaoyachukua kwa ajili ya sabuni na mafuta ya mashine. Lakini muulize mnunuzi mafuta hayo yaenda wapi, maana wako pia wanaoyarudisha mtaani yakaangie chakula cha mtu mwingine.

Rojo la nazi na mchuzi wa kupaka uliobaki nao ni mafuta. Watu wakisikia "mafuta" hufikiria chupa ya manjano tu, wakasahau tui. Mabaki hayo yaende kwenye makombo.

Weka wavu mdogo kwenye tundu la sinki. Punje za wali zikizama kwenye mtego huoza, hutoa asidi, na asidi ndiyo itakayokuja kuwasumbua bakteria baadaye.

*Ukifanikiwa utaona:* maji ya kwanza ya sinki yana weupe wa sabuni, hayana macho ya mafuta yanayoelea. Ndoo ya makombo inakuwa nzito kuliko ilivyozoeleka. Uzito huo ndio uliokuwa ukiingia shimoni.

Hatua ya 2: Fungua mtego, pima, safisha

Kutia bakteria juu ya gamba la mafuta la miezi minane ni sawa na kupaka rangi juu ya ukuta wenye chumvi. Anza na mtego msafi.

Onyo, na hili si la kupita haraka. Ndani ya mtego na septiki kuna haidrojeni salfaidi, ile hewa inayonuka yai bovu. Ikizidi, pua hufa ganzi, ukadhani imeondoka, kumbe ndipo inapoua. Kuna pia methani, inayowaka. Fungua kifuniko usubiri angalau nusu saa. Msiwe chini ya watu wawili. Sigara na jiko la makaa vikae mbali. Usiingize kichwa, na usiingie ndani ya shimo kwa sababu yoyote, hata kama ni simu yako ndiyo imeanguka. Mwenzako akianguka humo usimfuate. Ita msaada wenye vifaa vya kupumulia. Familia nyingi zimezika watu wawili au watatu kwa shimo moja kwa sababu kila mmoja aliruka kumwokoa aliyemtangulia.

Sasa chukua fimbo yako. Ishushe taratibu mpaka kibao kipite gamba la juu, kisha ivute juu polepole. Utahisi kibao kikigota kwenye sehemu ya chini ya gamba. Weka alama kwenye fimbo, pima unene. Ishushe tena mpaka chini usikie tope; pima na hilo.

Jumlisha gamba la juu na tope la chini. Zikifika robo ya kina cha maji, mtego umejaa na hauna kazi tena: mafuta yanapita moja kwa moja kwenda mbele. Mtego wenye kina cha sentimita 80, basi sentimita 20 kwa jumla ndio mwisho.

Ondoa gamba kwa ungo wenye mpini mrefu, lichanganye na vumbi la mbao, funga kwenye mifuko migumu, umpe mzoa taka mwenye leseni. Tope na maji machafu yavutwe na gari la kunyonya. Usiyafungulie mtaroni. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye mianya. Unachokimwaga chini Majengo hakikai Majengo, kinatafuta kisima cha jirani au maji ya Tudor.

Mtego ukiwa mtupu, kagua mambo mawili. Bomba la kutokea liwe na kiko cha T kinachochota maji kutoka chini ya gamba, si juu. Na ukuta wa katikati uwe mzima. Nimekuta mitego mingi ambayo fundi aliyeivuta alikivunja kile kiko ili mpira wake upite vizuri, akaondoka zake bila kusema. Mtego usio na kiko ni beseni tu.

*Ukifanikiwa utaona:* ukijaza maji safi na kumwaga kikombe kimoja cha mafuta upande wa kuingilia, mafuta yanabaki yakielea chumba cha kwanza, na upande wa kutokea maji hayana macho.

Hatua ya 3: Toa sumu jikoni

Bakteria ni viumbe. Kinachoua vijidudu kwenye sakafu yako kitawaua na hawa uliowanunua.

Wauaji wakubwa ni watatu. Wa kwanza ni klorini ya kung'arishia vitambaa na kusugulia sakafu. Wa pili ni kostiki ya kuzibulia mabomba. Hii hufanya kosa mara mbili: huua bakteria, halafu hugeuza mafuta kuwa sabuni laini inayoteleza mbele na kuganda kwenye bomba la mbali usilolifikia. Wa tatu ni dawa za kuua viini zenye harufu kali zinazotiwa kwenye ndoo ya deki.

Sikwambii uache usafi. Afisa wa afya atakufungia na atakuwa na haki. Nakwambia maji ya deki na ya klorini yasipite kwenye mtego. Yaelekeze kwenye bomba la bafuni au choo lisilopitia hapo. Kama jengo halikuruhusu, panga saa: deki ya klorini ifanywe jioni mapema, maji ya kuosha vyombo yafuate na kuisukuma itoke, kisha bakteria watiwe mwisho kabisa.

Sabuni ya vyombo ya kawaida, kwa kiasi, haina ubaya. Zile za kukata mafuta kwa ukali zina tabia ya kuyavunja yawe matone madogo mno yasiyoelea, yakaupita mtego. Maji ya moto yanayochemka nayo hivyohivyo: huyeyusha gamba, likaenda kuganda mbele kwa jirani.

Sasa pima pH ya maji ndani ya mtego. Bakteria wa mafuta hupenda kati ya 6 na 8.5. Mtego wa jikoni uliokaa na makombo hushuka mpaka 4 au 5, na hapo kazi yao hulala. Ukikuta hivyo, koroga vijiko vitatu au vinne vya magadi ya kupikia, yale mpishi anayotia kwenye maharagwe, ndani ya ndoo ya maji, mimina, subiri saa moja, pima tena. Ongeza kidogo kidogo. Usitumie chokaa hata kama ni rahisi: kalisi yake hushikana na asidi za mafuta, ikafanya ule ukoko mweupe mgumu kama jiwe ndani ya mabomba. Maji ya visima vyetu vya kwenye matumbawe yana kalisi ya kutosha tayari.

Hatua ya 4: Nunua bakteria, si sabuni

Lebo iseme mambo manne: aina ya bakteria, idadi yao kwa gramu au mililita, tarehe ya mwisho, na kipimo cha matumizi. Aina utakayoikuta sana ni Bacillus, kama *Bacillus subtilis* na *Bacillus licheniformis*. Sababu ya kuchaguliwa hawa ni kwamba hujifungia ndani ya spora, ganda gumu linalowawezesha kukaa pakitini miezi mingi wakiwa wamelala, bila friji. Wakipata maji na chakula huamka, hutoa kimeng'enya kiitwacho lipesi, kinachokata mafuta kuwa gliseroli na asidi za mafuta. Kisha wanazila hizo asidi, na hapa ndipo oksijeni inapotakiwa.

Ukiona lebo imeandika vimeng'enya tu, bila bakteria, iache. Vimeng'enya hukata mafuta lakini hakuna wa kula kilichokatwa, kinasafiri tu.

Jaribio la dakika kumi: weka kipande cha gamba la mafuta kwenye glasi ya maji, tia dawa. Kama ndani ya dakika chache maji yamegeuka maziwa na mafuta "yamepotea", umeuziwa sabuni. Bakteria hawana haraka hiyo. Kazi yao ni ya siku, si ya dakika.

Jaribio la siku mbili: chemsha maji, yaache yapoe. Jaza chupa mbili nusu, kila moja tia nusu kijiko cha chai cha mafuta na chembe ya sukari. Moja itie kijiko cha unga wa bakteria, nyingine usitie. Funika midomo kwa kitambaa ili hewa ipite, uziweke mahali pa kivuli chenye joto. Baada ya siku mbili, yenye bakteria hai itakuwa na ukungu wa maji, harufu kama ya hamira au udongo, na mara nyingi utando mwembamba wenye mikunjo juu yake. Ile nyingine itakuwa bado nyepesi. Zikifanana, unga wako umekufa. Rudisha dukani.

Hatua ya 5: Waamshe

Chota ndoo ya maji jioni, iache wazi mpaka usiku klorini ya mfereji ipungue. Yawe na joto la kawaida la hapa kwetu, au vuguvugu la mkono. Vaa barakoa, maana vumbi la unga huo hukera mapafu, na kwa wengine huleta mzio. Tia kipimo, koroga, acha nusu saa hadi saa moja. Spora huhitaji kulowana kabla ya kuamka. Ukiumwaga unga mkavu juu ya gamba, utakaa hapo kama jivu.

Unga wenye pumba utaacha machicha. Mimina na machicha yake. Ndiyo makao ya bakteria wengine.

Hatua ya 6: Watie usiku, jikoni likiwa limelala

Kosa hili nililifanya mimi mwenyewe, miaka yangu ya mwanzo, kwa hiyo simcheki mtu. Nilitia kipimo kizima saa tano asubuhi kwenye mtego wa lita 200, nikajipa hongera, nikaenda zangu. Sinki la hapo lilikuwa likitoa lita kumi kwa dakika. Lita 200 kugawa kwa kumi: dakika ishirini. Kufikia adhuhuri bakteria wangu wote walikuwa wameshafika septiki.

Kwa hiyo tia baada ya sufuria ya mwisho kuoshwa, deki imekwisha, mifereji imefungwa. Saa nne au saa tano usiku. Mimina kupitia sinki, polepole, halafu fuatisha nusu ndoo ya maji yasiyo na dawa ili wafike mtegoni wasibaki kwenye kiko cha sinki. Kuanzia hapo hakuna maji kupita mpaka alfajiri.

Kipimo fuata lebo. Mimi huanza na mara tatu ya kipimo cha kila siku kwa siku saba mfululizo, kisha narudi kwenye kipimo cha kawaida, kila usiku. Kila usiku maana yake kila usiku. Kutia pakiti nzima Jumamosi badala ya kidogo kidogo hakufai, kwa sababu maji ya jikoni yanawasomba kila siku na wanahitaji kujazwa.

Mfundishe kazi hii mtu mmoja wa zamu ya usiku, awe na daftari aandike saa na sahihi. Ikiachwa kwa "yeyote atakayefunga", haitafanywa.

*Ukifanikiwa utaona:* katika wiki mbili za kwanza harufu ya yai bovu inapungua, na gamba la juu linakuwa laini, linapasuka kwa fimbo badala ya kubebeka kama kibao. Ukilipima kila Ijumaa, unene unaongezeka polepole kuliko zamani. Sikusema linatoweka. Ndani ya mtego hewa ni haba, na bakteria hapo wanapunguza kasi ya kujaa. Hawalifukuzi gari la kunyonya. Ukitaka zaidi, endelea hatua inayofuata.

Hatua ya 7: Tangi la hewa, kwa anayetaka maji ya kutoka yawe na afadhali kweli

Hii ndiyo sehemu inayotenganisha mchezo na kazi. Baada ya mtego, *si ndani yake*, weka tangi la pili lenye kupulizwa hewa. Usipeleke mapovu kwenye mtego wenyewe: kazi ya mtego ni kutulia ili mafuta yaelee, na mapovu yatayakoroga yapite yote.

Ukubwa: angalau nusu ya maji unayotumia jikoni kwa siku. Kama unatumia lita 1,000, tangi la lita 500. Banda dogo linalotumia lita 300 au 400 litatosheka na pipa la lita 210.

Maji yaingie juu upande mmoja, yatoke upande wa pili kupitia kiko cha T. Jaza theluthi moja ya tangi vitu vya plastiki vyenye mikunjo: vifuniko vya chupa vilivyotobolewa, vipande vya bomba la umeme la mikunjo, vyote ndani ya mfuko wa wavu. Bakteria hukaa juu yake kama ukoga kwenye jiwe la ufukweni, wasisombwe.

Mawe ya mapovu yakae chini kabisa. Pampu ya lita 100 kwa dakika huingiza oksijeni nyingi, lakini kwenye kina kifupi cha chini ya mita moja sehemu kubwa hupanda juu na kupotea. Asilimia chache tu ndizo zinazoyeyuka. Kwa hesabu yangu pampu hiyo itamudu karibu nusu kilo ya mafuta kwa siku. Lita tano za mafuta ya karai ni zaidi ya kilo nne. Ndiyo maana nilikuweka sana kwenye hatua ya kwanza.

Mambo matatu ya pampu, yote nimeyaona yakiharibika:

Iwekwe *juu* ya usawa wa maji, au iwe na vali ya kuzuia maji kurudi. Stima ikipotea, maji hunyonywa kupitia mpira yakaingia kwenye mota. Asubuhi una pampu iliyokufa.

Ikae ndani ya kisanduku chenye matundu ya hewa. Upepo wa bahari una chumvi. Bila kisanduku, skrubu hazimalizi mwaka.

Umeme wake upite kwenye swichi inayojikata umeme ukivuja. Umeme na maji taka si vya kufanyiwa majaribio. Mwite fundi stima.

Pampu haizimwi usiku ili kuokoa bili. Bakteria hawa wakikosa hewa saa kadhaa hulegea, na harufu hurudi. Kipimo cha bakteria sasa kigawe: nusu kwenye mtego, nusu kwenye tangi.

*Ukifanikiwa utaona:* wiki ya kwanza ni povu jeupe tu, usiogope. Kati ya wiki ya pili na ya nne plastiki zitashika ute wa kahawia, maji yatakuwa na chembe za kahawia zinazozama ukiyaacha kwenye glasi, na harufu itakuwa ya udongo uliopigwa na mvua. Ute ukiwa mweusi na unanuka, hewa haitoshi.

Chembe hizo zinahitaji mahali pa kuzama kabla maji hayajafika shimo la kufyonza, vinginevyo zitaliziba. Septiki yafaa kwa hilo. Kama huna, ongeza pipa la tatu lisilo na hewa.

Hatua ya 8: Pima, usikisie

Kila Ijumaa chota maji ya kutokea kwenye chupa ya kioo, iache usiku kucha juu ya rafu. Asubuhi angalia juu: kuna mviringo wa mafuta kwenye shingo ya chupa? Weka alama na kalamu, linganisha na ya wiki iliyopita. Tumia kioo, kwa sababu mafuta hushika kwenye plastiki ukadhani yamepungua.

Kipimo cha kumwonyesha mkaguzi ni cha maabara iliyosajiliwa. Waambie wapime mafuta na grisi, BOD (oksijeni ambayo vijidudu huhitaji ili kula uchafu uliomo majini), na pH, na uwaombe chupa zao wenyewe. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka BOD isiyozidi miligramu 30 kwa lita kwa maji yanayoachiliwa kwenye mazingira. Mtego na pakiti peke yake haukufikishi hapo, kwa hiyo muuzaji akikuahidi cheti, muulize ni cha nani.

Mambo yanapoharibika

*Harufu imerudi ghafla.* Uliza nani aliosha sakafu jana na kwa dawa gani. Mara tisa kati ya kumi kuna chupa ya klorini nyuma ya mlango. Pima pH, kisha anza tena kipimo cha mara tatu kwa siku tatu.

*Mtego umejaa maji mpaka juu.* Huo ni mzibo mbele. Bakteria hawazibui bomba. Lizibue kwa waya au maji ya shinikizo, si kostiki.

*Ramadhani.* Sambusa, kaimati, bhajia, mahamri: kati ya alasiri na magharibi karai hazipoi. Vuta mtego wiki moja kabla ya mwezi kuandama, ongeza jerikani za mafuta yaliyokwisha, na uhamishe saa ya kutia bakteria. Jikoni lenye daku halilali saa tano usiku. Hulala baada ya alfajiri. Tia wakati huo, sinki likipumzika mpaka adhuhuri.

*Masika.* Kuanzia Machi hadi Mei, kifuniko kisichobana hukusanya maji ya mvua, na mvua moja kubwa hulisafisha tangi lote likabaki tupu la bakteria. Inua kingo za shimo kwa saruji, sentimita kumi juu ya ardhi zinatosha, na angalia bomba la paa haliishii hapo.

*Julai, kusi ikivuma.* Mafuta ya nazi huganda kwenye kama nyuzi 24, na usiku wa Julai hushuka chini ya hapo. Hoteli ya vyakula vya nazi itaona gamba gumu jeupe asubuhi, wapishi watataka kulimwagia birika la maji ya moto. Wazuie. Likombe kwa ungo likiwa bado limeganda, ndiyo saa rahisi kuliondoa, kisha pima chini yake kwa fimbo.